Kwa nini wagonjwa wa macho hawarudi kliniki siku waliyopangiwa?

Karani wa Faili, Nakuru

Hamjambo nyote. Ninafanya kazi katika chumba cha faili cha kliniki ya macho, katika hospitali moja ya umma ndani ya Kaunti ya Nakuru. Kila alasiri hutoa faili za wagonjwa wanaotarajiwa kesho yake na kuzipanga mezani, na siku ya pili jioni huzirudisha rafuni. Faili ambazo wenyewe hawakutokea ni nyingi kiasi cha kuninyima amani, kwa sababu nimekaa na wahudumu wa macho muda wa kutosha kujua maana yake.

Faili ya mwenye presha ya macho, yaani glakoma, si sawa na ya mtu aliyekuja kupimwa miwani. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni, huanza kula pembezoni mwa uwezo wa kuona ambako mtu hatambui upungufu wowote, na kilichopotea hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Mwenye kisukari naye anatakiwa kuchunguzwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, angalau mara moja kwa mwaka hata kama anaona vizuri, kwa kuwa mishipa midogo ya damu huweza kuvuja kabla mgonjwa hajahisi tofauti yoyote, na wakati huo ndio matibabu ya leza huokoa mengi. Hawa ndio ninaowaona wakipita tarehe zao, kisha baadhi yao wakarudi baada ya muda mrefu wakiwa wameshikwa mkono.

Wafanyakazi wenzangu wakiulizwa sababu, wengi hujibu kwamba ni uzembe. Mimi siamini. Mtu aliyetoka Kuresoi au Olenguruone kwa matatu ya alfajiri, akakaa kwenye benchi hadi alasiri bila kulalamika, hawezi kuwa amegeuka mzembe katika miezi mitatu iliyofuata. Naomba wagonjwa, jamaa zao na wahudumu mnieleze kwa uwazi ni nini hasa kinachomzuia mtu kurudi, na ni jambo gani ambalo kliniki isiyo na fedha za ziada inaweza kulibadilisha.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Ndugu Karani, nakushukuru kwa kulikataa jibu la uzembe. Ninaishi na presha ya macho, na ninafahamu jinsi mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kuiacha tarehe yake ipite huku akiikumbuka vizuri.

Ugonjwa wenyewe hauumi. Mgonjwa hupewa dawa ya matone akaambiwa aitie kila jioni, maisha yake yote, na baada ya miezi mitatu hana badiliko lolote la kumwonyesha mwanawe anayetoa nauli. Dawa ya malaria humwinua mtu kitandani kila mmoja akishuhudia, lakini hii ya macho kazi yake ni kuzuia hasara isitokee, na watu wa nyumbani hawawezi kuiona hasara ambayo haikutokea. Wataanza kuuliza hospitali inamsaidia nini ikiwa anaona vilevile alivyokuwa akiona. Asipokuwa na la kujibu atanyamaza, na nauli itaelekezwa kwenye haja ambayo kila mtu anaiona, kama vile karo.

Lakini jambo ninalotaka hasa mlitazame ni chupa ya dawa. Kliniki humpangia mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu, ilhali chupa ya matone ikishafunguliwa hutakiwa kutupwa baada ya takriban wiki nne hata kama imebaki dawa ndani yake. Kwa hiyo kila tarehe ya kurudi ina maana ya chupa tatu za kununua. Ya kwanza hununuliwa kwa pesa ambazo mgonjwa alikuja nazo, ya pili hupatikana kwa taabu, na ya tatu mara nyingi haipatikani kabisa. Tarehe inapokaribia, mtu anajua kwamba atapimwa presha ya jicho, kwamba kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21 na chake kitakuwa juu, na kwamba ataulizwa mbele ya watu kama anatia dawa. Basi huamua kungoja hadi apate pesa ya chupa nyingine, aitie kwa wiki moja au mbili, ndipo aende na kipimo cha kuridhisha. Pesa ikichelewa tarehe hupita, na sasa ana makosa mawili ya kuelezea badala ya moja.

Wahudumu wengi ni watu wema na kazi yao ni nzito, nisieleweke vibaya. Hata hivyo karipio moja linalotolewa kwa sauti, mbele ya benchi lililojaa watu wa lokesheni moja, hukaa moyoni mwa mzee muda mrefu kuliko maelezo yote ya daktari. Niliwahi kuketi kando ya mama mmoja aliyeambiwa kwamba anajipofusha mwenyewe. Alipokea kadi yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka, na sikupata kumwona tena siku za kliniki. Ombi langu ni dogo na halina gharama: badala ya kumuuliza mgonjwa kama anatia dawa, swali ambalo kila mtu atalijibu kwa ndiyo, aulizwe dawa iliisha lini. Swali hilo lina nafasi ya ukweli ndani yake, na daktari akiujua ukweli hatamwongezea dawa ya pili ya bei ghali kwa kudhani ile ya kwanza imeshindwa kufanya kazi.

Binti wa Alego

Shikamoo Mwalimu. Umesema yale ambayo baba yangu asingeweza kuyasema kwa kinywa chake.

Mimi ninafanya kazi Nairobi na wazazi wangu wako nyumbani Siaya. Ningependa kuzungumzia kadi ya kliniki. Tarehe huandikwa kwa kalamu, kwa herufi ndogo, kwenye kadi ambayo mwenyewe amekuja hospitali kwa sababu haoni. Baba huiweka mfukoni mwa koti analovaa kanisani, na anayeweza kuisoma ni mjukuu, ambaye siku za kazi yuko shuleni. Kama hakuna mtu mzima mwenye macho aliyeambiwa tarehe kwa mdomo, basi tarehe hiyo haijulikani na mtu yeyote katika boma zima.

Halafu kuna suala la msindikizaji, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, na sioni likiulizwa mapokezini. Mgonjwa wa macho hasafiri peke yake. Kwenda ni nauli ya watu wawili, kurudi ni nauli ya watu wawili, na ukiongeza bodaboda ya kutoka nyumbani hadi barabara ya lami, pamoja na chai na chakula cha mchana, safari hiyo humaliza pesa ambazo familia ilizitarajia kwa wiki nzima. Hata mzee anayeona kiasi cha kujiendea mwenyewe hawezi kujirudisha, kwa sababu akitiwa dawa ya kupanua mboni ataona ukungu na mwanga utamuumiza kwa saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Hakuna mtu mwenye busara atakayempandisha baba yake bodaboda katika hali hiyo bila mtu wa kumshika nyuma. Kwa hiyo tarehe ya baba ni tarehe ya watu wawili, lakini anayeulizwa kama inamfaa ni mmoja, tena mara nyingi haulizwi. Inaandikwa tu. Wiki ikiwa ya kupanda mahindi, au shangazi akiwa amefiwa na msindikizaji mwenyewe ndiye anayehitajika kwenye matanga, baba atabaki nyumbani na faili yake itabaki juu ya meza yako.

Jambo jingine ni nambari ya simu. Hospitali iliandika nambari ya baba, lakini simu ya baba huzimwa ili chaji isiishe, naye hasomi ujumbe. Mimi ndiye ninayetuma nauli. Kama ujumbe wa kukumbusha ungefika kwangu siku tatu kabla, ningetuma pesa na kumpigia binamu yangu aombe ruhusa kazini. Tafadhali andikeni nambari mbili: ya anayetoa nauli na ya atakayemshika mkono.

Mchuma Maua, Naivasha

Nitasema kwa ufupi. Sisi tulioajiriwa kwa kibarua tunalipwa siku tunayofanya kazi. Siku ya kliniki ni siku isiyo na ujira, na kama daktari wa macho yupo siku moja tu ya wiki, siku hiyo haibadiliki hata msimamizi wako akatae. Kabla ya sikukuu ya Februari ya wapendanao, maua yanapohitajika kwa wingi ng'ambo, kuomba ruhusa ni kuhatarisha nafasi yako. Nikipangiwa mwezi huo sitakuja, na hilo ningelisema siku ileile ya kupewa tarehe kama kuna mtu angeniuliza. Pia tukihudumiwa tupewe karatasi iliyopigwa muhuri bila kuzungushwa, kwa sababu bila karatasi hiyo kazini tunahesabiwa kuwa tumetoroka.

Mzee wa Kimilili

Nimesoma yote kwa makini na ninawaheshimu waliotangulia, lakini naona mizani imeelemea upande mmoja. Mgonjwa naye ana wajibu. Huku kwetu Bungoma nimeona familia ikichanga maelfu ya shilingi kwa ajili ya mazishi ya mzee, watu wakakodi matatu mbili na hema, ilhali mzee huyohuyo alipokuwa hai na macho yake yakififia hakupatikana mtu wa kumpeleka kliniki. Pesa ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu kukubaliana kwamba macho ya mzee ni jambo la ukoo mzima kulishughulikia.

Wako pia wanaoacha kliniki wakakimbilia majani. Jirani yangu alikamuliwa utomvu wa mmea kwenye jicho jekundu, akaambiwa awashwe ndipo uchafu utoke, na kioo cha jicho kikapata kidonda kilichomwachia kovu jeupe mbele ya mboni. Alikuwa na tarehe ya hospitali wiki hiyohiyo. Siwezi kusema kwamba kosa lilikuwa la kliniki.

Sista wa Macho, Kakamega

Mzee, ninakubaliana nawe kuhusu majani, na nimeyaona macho ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini kuhusu mazishi nadhani kuna jambo ambalo umelitaja bila kulikusudia. Mazishi yana kamati, yana mtu wa kuandika michango na mtu wa kutafuta gari, na siku yake hupangwa mwishoni mwa wiki ili walio mbali wafike. Tarehe ya kliniki haina hata kimoja kati ya hivyo. Mgonjwa hukabidhiwa kadi akaachiwa ajipange peke yake.

Mimi ni muuguzi wa macho na nitaeleza upande wetu, kwa sababu si haki kumhesabu mgonjwa peke yake kuwa ndiye asiyetokea. Zipo siku ambazo ni kliniki isiyotokea. Afisa wa kliniki ya macho amekwenda kwenye kambi ya upasuaji katika kaunti ndogo, mashine ya kupima presha imeharibika, au tarehe iliangukia tarehe 1 Juni ama 20 Oktoba bila aliyeiandika kutazama kalenda ya sikukuu. Kisha kuna migomo. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa Machi hadi Mei 2024 ulidumu siku 56. Mgonjwa aliyefika katika vipindi hivyo akakuta mlango umefungwa haonekani kwenye rekodi yoyote, isipokuwa kama mtu asiyehudhuria. Akishapoteza nauli mara moja kwa namna hiyo atafikiri mara mbili kabla ya kuipoteza tena, nami simlaumu. Kuhama kutoka bima ya zamani ya afya ya NHIF kwenda bima mpya ya SHA tarehe 1 Oktoba 2024 kuliongeza hofu nyingine, kwani wengi walibaki nyumbani kwa kutojua wataambiwa walipe nini wakifika dirishani.

Kuna pia wale waliotolewa mtoto wa jicho, ambao hawajaguswa vya kutosha hapa. Kwa kawaida tunataka kumwona mgonjwa kesho yake, kisha baada ya takriban wiki moja, kisha baada ya mwezi hivi, wakati jicho limetulia na anaweza kupimwa miwani. Wengi huja ile siku ya kwanza kwa sababu bado wako hospitalini au karibu nayo. Bandeji ikitolewa na mama akawaona wajukuu wake, kwake yeye kazi imekwisha, na tarehe mbili zilizobaki anaziona kama desturi ya hospitali. Hapo ndipo maelezo yetu huwa mafupi mno. Inafaa aambiwe kwa lugha yake kwamba jicho likianza kuuma, kuwa jekundu zaidi au kupunguza kuona, asingoje tarehe wala siku ya kliniki, aje siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ya ndani ya jicho yanaweza kulipofusha katika muda wa siku chache tu. Aambiwe pia kwamba jicho la pili linapangiwa siku yake kwenye ziara hizo, na kwamba hata miaka baadaye utando unaweza kujengeka nyuma ya lenzi aliyowekewa na kuondolewa kwa leza bila kupasuliwa tena. Mtu anayejua anarudi kufanya nini hurudi kwa urahisi zaidi kuliko aliyeambiwa tarehe tupu.

Kuhusu jambo linaloweza kubadilishwa, tuna ushahidi wa hapahapa magharibi, na ninasikitika kwamba haujulikani zaidi. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, Daktari Hillary Rono na wenzake walifanya jaribio katika shule 50 lililochapishwa mwaka 2018. Walimu katika nusu ya shule hizo walipima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek, ambayo mizizi yake iko Nakuru, katika utafiti wa macho ulioongozwa na Daktari Andrew Bastawrous. Mtoto aliyeonekana kuwa na tatizo alipewa karatasi yenye picha inayomwonyesha mzazi jinsi mwanawe anavyouona ubao, na mzazi akatumiwa ujumbe wa simu wa kumkumbusha. Katika shule nyingine watoto walipimwa na kupewa barua kwa njia ya kawaida. Waliofika hospitali katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 54, na katika kundi la pili asilimia 22. Wazazi wa makundi yote mawili walitoka kaunti moja, wakalima mashamba ya aina moja na kupanda matatu zilezile, kwa hivyo siwezi kukubali kwamba wale wa kundi la pili walikuwa wazembe zaidi.

Vilevile mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba ujumbe mfupi wa simu huongeza mahudhurio ukilinganishwa na kutokukumbusha kabisa, na matokeo yake yanakaribiana na ya kumpigia mgonjwa simu. Sharti langu ni kwamba ujumbe uandikwe kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha ya mama, na utaje kile anachokuja kufanyiwa. Nimeona ujumbe wa Kiingereza uliojaa vifupisho ukitumwa kwa nyanya wa Butere. Haukumsaidia hata kidogo.

Mhamasishaji wa Afya, Vihiga

Mimi ni mmoja wa wale wahamasishaji wa afya ya jamii walioanza kupewa simu na vifaa na serikali mwaka 2023, na ninazo nyumba zangu ninazozitembelea. Nataka kuongeza jambo ambalo halionekani ukiwa ndani ya hospitali.

Baadhi ya wanaoitwa watoro hawajatoroka. Nikiwatafuta nakuta mmoja amekwisha kufariki na hakuna aliyeipasha kliniki habari. Mwingine amehamia kwa binti yake Eldoret na anatibiwa huko. Mwingine alichoka kupanda gari mara mbili, akaenda hospitali ya macho ya Sabatia iliyo hapa kwetu, na macho yake yanaangaliwa vizuri kuliko hata zamani. Mpaka mtu aende mlangoni, watu hawa watatu wanafanana kabisa na yule aliyekaa gizani akiogopa, na kliniki haiwezi kujua ni nani wa kumtafuta kwanza.

Waoga nao wapo, na woga wao una sababu. Kuna uvumi ulioenea kwamba daktari akipasua jicho hulitoa nje, akalisafisha na kulirudisha, na kwamba wengine halikurudi mahali pake. Ukimkemea anayeamini hivyo atakubali kwa mdomo na kujificha siku ya gari la hospitali. Mimi humpeleka kwa mtu wa kijiji hichohicho aliyepasuliwa, wakae waongee bila mimi. Mzee akisikia kutoka kwa rika lake kwamba alilala akiwa macho, hakusikia uchungu, na jicho halikutolewa, mara nyingi huuliza mwenyewe siku ya kwenda. Kwa wenye presha ya macho njia hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeweza kuwaambia kwamba aliona vizuri baada ya dawa. Hapo mimi hutumia ukoo. Ugonjwa huu hufuata damu, hivyo ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wanafaa kupimwa, hasa wakishapita miaka 40. Nikiwashawishi ndugu wawili watatu waende kupimwa siku moja na mgonjwa, msindikizaji amepatikana na nauli imekuwa jambo la familia. Mzee wa Kimilili, nadhani hili linakaribia ile kamati unayoitaka.

Ninachoomba kutoka hospitali ni orodha ya majina ya eneo langu mapema, kabla miezi sita haijapita. Jina la mtu aliyekosa kufika juzi ninaweza kulifuata kesho nikiwa kwenye mzunguko wangu wa kawaida.

Karani wa Faili, Nakuru

Nimeyasoma majibu yenu zaidi ya mara moja na nimeyanakili kwenye karatasi moja ya kumpelekea sista msimamizi. Kabla tarehe haijaandikwa, mgonjwa aulizwe atakuja na nani na ni siku zipi hawawezi. Nambari mbili ziandikwe, ya mtoa nauli na ya msindikizaji. Tarehe isomwe kwa sauti mbele ya msindikizaji na iandikwe kwa herufi kubwa kwa kalamu nene. Swali la dawa liwe lile la Mwalimu. Wagonjwa wa Molo na Kuresoi wapangiwe saa nne badala ya saa mbili, maana hawawezi kufika saa mbili hata wakilala njiani, na wanapochelewa hupelekwa mwisho wa foleni. Hayo yote yako ndani ya uwezo wa watu tuliopo, na hayahitaji bajeti ya kaunti.

Nina swali moja lililobaki kwa Sista na kwa Mhamasishaji. Nikitoa orodha ya wasiofika, ninatoa pamoja nayo habari kwamba fulani ana ugonjwa fulani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hainiruhusu kusambaza habari za afya za mtu nipendavyo. Mnalifanyaje hilo huko kwenu?

Sista wa Macho, Kakamega

Ndugu Karani, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuanza. Sisi humwomba mgonjwa idhini siku anapofungua faili, kwa maneno ya wazi: ukikosa kufika, je, unakubali tukutumie mhamasishaji wa afya wa kijijini kwako, na ni nani mwingine tunayeruhusiwa kumpigia simu? Jibu huandikwa kwenye jalada la ndani na mgonjwa hutia sahihi au alama ya kidole. Wachache hukataa, nasi huwapigia wao wenyewe peke yao. Orodha anayopewa mhamasishaji ina jina, kijiji na tarehe iliyopita, bila jina la ugonjwa, na hupitia kwa afisa anayewasimamia wahamasishaji wa eneo hilo badala ya kutumwa kwenye kundi la simu.

Mhamasishaji wa Afya, Vihiga

Ni hivyo hata kwetu. Nikifika mlangoni nasema tu kwamba hospitali imenituma kumjulia hali, na mwenyewe ndiye anayeamua kama tuzungumze sebuleni mbele ya watu au tutoke nje chini ya mti. Naomba tu uongeze kwenye orodha yako safu moja ya kurudisha majibu, ili nikikuta mtu amehama au amefariki uandike kwenye faili, na wengine tusiendelee kumtafuta.